Vidonge Vyeupe vya Subilaga

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono, nikanawa. Nikaambiwa nirudie, nikarudia. Nilipoambiwa mara nyingine nilitaka kuuliza kama maji yale yana kasoro, lakini nilimtazama Sista Mwanahawa usoni, nikanawa.

Huyo alikuwa Muuguzi Mfawidhi, yaani mkubwa wa wauguzi wote, katika kituo kimoja cha afya pale Mbalizi. Babu yake alipanda kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akafia Mbeya. Watoto na wajukuu walizaliwa huko huko, lakini Kiswahili chao kilikataa kabisa kuwa cha bara. Sisi tuliokua na Kisafwa nyumbani tulikuwa tunamsikiliza kama redio.

"Jina lako?"

"Enes, Sista."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Ulifaulu?"

"Hapana, Sista."

"Afadhali umesema kweli. Hapa anayedanganya anaua mtu. Haya, shika ufagio."

Cheo changu kilikuwa mhudumu wa afya. Ninyi wajukuu mnaoingia kazini leo mmekuta glavu za kutupa na sindano za kutupa, huenda hamjui mhudumu wa wakati ule alikuwa anafanya nini. Tulideki wodi. Tulichemsha sindano za kioo na mikasi kwenye sufuria, juu ya jiko la mafuta ya taa, na ukisikia kifuniko kinagonga ndiyo unajua maji yameiva. Tulikata gozi, ile nguo nyepesi ya kufungia vidonda, tukaikunja. Tulipima watoto kwenye mizani ya kuning'iniza huku wakitukojolea. Kuandika dawa na kuchoma sindano kulikuwa kwa wenye elimu yao. Sisi tulikuwa mikono.

Mpaka leo, asubuhi nikiweka maji ya chai jikoni na kifuniko kikaanza kugonga, mwili wangu unashtuka unataka kwenda kuepua sindano. Kisha nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja.

Baada ya muda nilipangiwa chumba cha pembeni, kile chenye pazia la kitenge badala ya mlango. Ndimo vilimokaa vidonge vya majira. Sista alifungua kabati akatoa pakiti moja, akaiweka kiganjani mwangu.

"Hivi unavijua?"

"Ni vya wanawake waliochoka kuzaa."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa sokoni, Sista."

"Loo! Basi soko zima limo kichwani mwako. Tulitoe kwanza, maana hapa hapatoshi."

Akanifundisha. Pakiti ile ilikuwa na safu nne. Safu tatu zilikuwa za vidonge vyeupe na ya mwisho ya vidonge vya kahawia. Vile vyeupe ndivyo dawa yenyewe, vina homoni, yaani vichocheo vya aina ile ile ambavyo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Vikimezwa kila siku, mayai hupumzika, na ule utando wa ndani ya kizazi hauwi mnene. Vya kahawia ni madini ya chuma tu, ya kusaidia damu katika siku za hedhi, na pia kumzoesha mama asisahau kumeza kila siku.

"Utando ndio nini, Sista?" niliuliza.

"Kwenu mnakandika nyumba kwa udongo?"

"Ndiyo."

"Ukikandika udongo mnene, siku ukibanduka unajaza sakafu. Ukikandika mwembamba?"

"Unafagia kidogo tu."

"Basi. Hedhi ni kubanduka kwa udongo huo. Mwenye udongo mwembamba hutoka damu kidogo, na tumbo halimkati sana. Kwa hiyo akija binti hapa ambaye hajamjua mwanamume, na daktari kamwandikia vidonge hivi, usimtazame kwa jicho la sokoni. Huyo kaja kutibiwa."

Ndivyo nilivyojua kwamba dawa moja inaweza kuwa na kazi nyingi na jina lake likabaki la kazi moja. Nyuma ya pazia lile nilimwona mwalimu ambaye kila mwezi alikuwa analala chini kwenye saruji kwa maumivu ya tumbo, mpaka wanafunzi wake wakazoea kujifundisha. Alipewa vidonge vya majira, akasimama ubaoni mwezi mzima. Nilimwona mama ambaye mwezi wake ulikuwa unakuja unapopenda, mara umemsahau, mara umemrudia kabla hajafua. Nilimwona mwingine aliyekuwa anaota vivimbe vya maji kwenye mfuko wa mayai, akapewa ili visiendelee kuota vingine. Na binti mmoja chunusi zilimharibu uso mpaka akawa anatembea na kanga mdomoni. Huyo naye zilipungua, akaiacha kanga.

Majina yao yote ninayo kichwani, ya baba zao na ya waume zao. Lakini pazia lile bado nimelifunga.

Siyo kila mtu alipewa. Sista alikuwa anafunga mpira wa presha mkononi mwa mgonjwa kabla hata salamu haijaisha. Mwenye presha ya juu, mwenye kunyonyesha mtoto mchanga, aliyewahi kugandiwa damu mguuni, mwenye maumivu ya kichwa yanayoanza kwa kuona vimulimuli, hao aliwarudisha kwa tabibu watafutiwe njia nyingine. Na mwenye kutoka damu nyingi lazima apimwe kwanza kujua inatoka kwa nini, isije ikawa mimba inaharibika au kuna uvimbe.

Kulikuwa na desturi yake moja ambayo sikuiona kwa mwingine. Mgonjwa hakuondoka na pakiti bila kumeza kidonge cha kwanza pale pale, kwa maji ya kikombe chetu cha bati chenye ukingo wa bluu. Akishameza, Sista alikuwa anasema, "Sasa nirudishie." Maana yake, nieleze kwa maneno yako nilichokueleza. Wengi walicheka, wakarudisha. Aliyekosea alielezwa upya, na Sista hakuwahi kuangalia saa.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Barua ya uhamisho ilipokuja, ya kwenda zahanati moja kule Madibira, Sista alinisindikiza stendi. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Alinipa mfuko, ndani yake kile kikombe cha bati.

"Nimekiiba," alisema. "Nenda nacho kabla hawajanikamata."

Sikumwona tena akiwa hai. Nilipata habari wakati wameshazika.

Madibira ni mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Ukitoka kwenye baridi ya Mbeya unashangaa jua lake. Wanawake walikuwa wanashinda wameinama majini wanapandikiza miche, na kwenye zahanati walituletea migongo yao, miguu yao na malaria. Mganga Mfawidhi pale alikuwa Tabibu Kyando, mwembamba, mpole, na ana tabia ya kumsikiliza mgonjwa amefumba macho mpaka wageni wanadhani amelala.

Asubuhi moja aliingia mama wa Kinyakyusa aliyekuja kulima mpunga, mjane, tukimwita Mama Subi. Nyuma yake alikuwa binti yake Subilaga, wa darasa la saba, mrefu, amejifunga sweta kiunoni ingawa joto lilikuwa la kutosha kukausha chungu. Alikuwa anatafuna kitu.

"Unakula nini, mwanangu?" Tabibu aliuliza.

Subilaga alifungua kiganja. Ulikuwa mchele mbichi.

"Anamaliza gunia!" Mama Subi alisema. "Daktari, huyu ni mtoto au panya? Nikipepeta, anakula. Nikificha, ananusa. Na udongo wa kichuguu nao!"

Sisi wa kazi hiyo tukiona mtu anatafuna mchele na udongo tunamwangalia viganja na ndani ya kope. Vya Subilaga vilikuwa vyeupe kama karatasi. Tabibu alifumba macho akaanza kuuliza, na kidogo kidogo yalitoka. Tangu avunje ungo damu ilikuwa inamtoka nyingi kupita kiasi, inakaa siku nyingi, inatoka na mabonge. Sweta lile lilikuwa la kufichia gauni. Alianguka mara mbili mstarini shuleni. Siku hizo haendi kabisa.

Walimpima. Mimba hakuna, malaria hakuna, damu iko chini sana. Tabibu aliwasiliana na wakubwa wake wilayani kwa simu, akarudi akamwandikia vidonge vya kuongeza damu na, juu yake, vidonge vya majira. Niliposhika pakiti tu, Mama Subi akasimama.

"Hivyo si vya majira?"

"Ndivyo, mama," Tabibu alisema.

"Binti yangu ana mume?"

"Hana."

"Ana bwana?"

"Mama!" Subilaga alijifunika uso.

"Nyamaza, naongea na wakubwa. Daktari, nina mtoto mmoja. Mungu alinipa huyu, akamchukua baba yake, akafunga duka. Ukinifungia na kizazi cha huyu nitabaki na nini? Nani ataniita bibi?"

Tabibu alieleza. Alieleza vizuri. Mimi nikaongeza habari ya udongo mnene na udongo mwembamba, kama nilivyofundishwa. Kwamba kidonge hakifungi kizazi, kwamba akiacha mayai yanaamka, kwamba hatari kubwa ni kumwacha amwage damu hivi. Mama Subi alisikiliza, shingo imekaza. Mwisho akakaa.

"Sawa. Lakini wewe, dada," akaninyooshea kidole mimi, siyo Tabibu, "nikikosa mjukuu nitakuja kulia mlangoni kwako. Nitalia mpaka majirani wahame."

"Njoo," nilimwambia. "Nitakutandikia mkeka."

Akacheka kidogo, kwa kutopenda. Nikateka maji kwenye kikombe cha bati, Subilaga akameza kidonge cheupe cha kwanza. Nikamwambia mama yake, "Nirudishie." Akarudisha yote bila kukosea, mpaka safu ya mwisho: "Na hivi vya kahawia vina madini ya chuma, vya damu." Hapo sauti yake ilipata furaha. Niliiona ile furaha, nikadhani ni ya kuelewa.

Tulikutana mara kwa mara kwenye mashine ya kukoboa. "Subi anaendeleaje?" "Anameza, ndaga." Ndaga ni asante ya kwao. Nilitaka nimwone mtoto mwenyewe, lakini kila mara alikuwa shamba, au kwa shangazi, au amelala.

Kisha siku moja wakamleta Subilaga kwenye pawatila, lile trekta dogo la mkono, amelazwa juu ya tela, kanga mbili chini yake zimelowa damu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Tabibu Kyando safari hii hakufumba macho. Alimtundikia dripu, maji ya mshipani, akatoka mbio barabarani. Kulikuwa na lori la mnunuzi wa mpunga linapakia. Sijui alimwambia nini dereva, lakini niliona magunia yanashushwa.

Nilipanda naye, nimesimama nimeshika chupa ya dripu juu, Mama Subi amempakata binti yake. Tulipita Mafinga bila kusimama, tukaenda mpaka hospitali kubwa ya Iringa. Njia nzima Mama Subi hakulia. Alikuwa anamtajia binti yake vitu vya nyumbani. "Subi, ile kuku yako ya madoa imeatamia. Subi, unanisikia? Nani ataiangalia? Mimi siiwezi, inadonoa." Na Subilaga, macho yamefumba, alikuwa anajibu kwa kidole tu, anakigusa kiganja cha mama yake. Kidole kile nilikitazama kuliko barabara.

Walimwongezea damu. Ya mama yake ilikubali, na mimi yangu wakaichukua kwa ajili ya benki ya damu. Kesho yake asubuhi Subilaga alifungua macho akaomba chai. Metroni, mkuu wa wauguzi wa pale, mama wa Kihehe mwenye sauti nzito, alimsalimia kwa kwao wodi nzima isikie, "Kamwene, binti! Umetutisha. Mpeni chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko."

Alikuja daktari wa magonjwa ya wanawake, Daktari Mgaya, mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi. Alisoma barua ya Tabibu, akauliza, "Vidonge alimeza?"

"Alimeza," Mama Subi alisema.

"Vyote?"

Mama Subi akafungua fundo la kanga, akatoa pakiti, akamwekea daktari mkononi. Baada ya hiyo akatoa nyingine, na nyingine tena, zote tulizompa siku ile. Zote safu ya kahawia ilikuwa tupu. Vyeupe vilikuwa vimekaa kwenye vyumba vyao kama siku vilivyotoka kiwandani, kasoro kile kimoja cha kwanza, tulichommezesha kwa kikombe.

"Nilimpa vya damu, hivi vya kahawia na vile vingine vya Tabibu," alisema. "Wenzangu wote shambani wanasema, vya kahawia ndivyo vinaongeza damu, vyeupe ndivyo vinafunga kizazi. Nikasema basi mtoto wangu anakosa damu, nampa vya damu. Nilikuwa namtolea mwenyewe kila asubuhi, sijakosa hata siku moja. Hivi vyeupe nilivificha kwenye debe la mpunga asivione." Akatazama ile pakiti. "Kwa hiyo nilikuwa naweka maji kwenye ndoo iliyotoboka."

"Ulikuwa unampenda," Daktari Mgaya alisema. "Hilo hakuna anayebisha hapa."

Hapo ndipo Mama Subi alipolia. Alilia kimya, kichwa kwenye godoro la binti yake.

Daktari alikaa pembeni ya kitanda. Akamwambia kwamba vyeupe ndivyo vinavyoziba tundu la ndoo, na vya kahawia ndiyo maji, na mtoto huyu anahitaji vyote. Atapimwa pia kama damu yake inaganda sawasawa, kwa sababu wapo wasichana ambao shida yao iko huko. Akasema wapo wanawake ambao utando wa kizazi huota hata nje ya kizazi, wakaumwa miaka na miaka wakiambiwa wanadeka, na vidonge hivi vinawapa nafuu. Kisha akasema jambo alilolingoja Mama Subi.

"Siku akiolewa, akitaka mtoto, anaacha vidonge, tunamwangalia. Wengi wanapata, wala hawangoji sana. Siwezi kukuandikia hati kwamba atazaa, mama. Hata yule asiyewahi kumeza kidonge siwezi kumwandikia. Lakini kidonge hiki hakifungi kizazi. Kilichotaka kumchukua mwanao ni damu ile."

Mama Subi alinigeukia. Alikuwa hajanitazama tangu atoe zile pakiti.

"Wewe dada unasemaje?"

Mimi ndiye niliyekuwa na elimu ndogo kuliko wote mle chumbani. "Daktari amesema," nilijibu.

"Nakuuliza wewe."

Kabla sijafungua mdomo Subilaga akasema, kwa sauti ndogo lakini kavu, "Mama, muulize mwenye mwili. Mimi nataka kurudi shule. Nimechoka kukaa benchi la nyuma na sweta kiunoni. Nipe hivyo vidonge."

"Ngimba!" Mama Subi alishtuka. "Huyu jana alikuwa maiti, leo ananijibu!"

Wodi yote ikacheka, hata wa kitanda cha dirishani aliyetoka kupasuliwa, na Metroni akamkataza asicheke, nyuzi zitakatika. Nilikuwa nimebeba kikombe changu kwenye mfuko. Nikateka maji. Safari hii Mama Subi mwenyewe ndiye aliyekibonyeza kile cheupe kikatoka kwenye pakiti, akakiweka kwenye ulimi wa mwanawe. Kisha akasema bila kuulizwa, "Vyeupe kwanza, kwa kufuata mishale ya kwenye pakiti. Vya kahawia mwisho. Nimerudisha, dada."

Mwezi wake uliofuata ulikuja kama wa watu wengine. Uliokuja baada ya hapo, hivyo hivyo. Mwaka huo huo mimi nilipata uhamisho kuja Iringa mjini, maana mume wangu ni mtu wa Ilula na nilikuwa nimeomba siku nyingi. Ikawa Subilaga akija kuangaliwa na Daktari Mgaya analala kwangu. Nilimwona anapata mashavu. Alimaliza darasa la saba, akaingia sekondari. Sweta alikuwa analivaa linavyovaliwa. Alikuwa ananisaidia kuosha vyombo huku anaimba kwaya, sauti kubwa, anakosea maneno makusudi ili nimrekebishe. Mimi nilizaa wavulana tu. Sikujua nyumba inavyokuwa ikiwa na binti mpaka nilipokuwa na wa kuazima.

Safari moja aliniletea mfuko wa mchele wa Madibira, ule unaonukia. "Huu ni wa kupika, mama mdogo, siyo wa kutafuna."

"Na wewe siku hizi?"

"Siku hizi nikiutafuna mbichi naona kama nakula kokoto. Nilikuwaje vile?"

"Ulikuwa panya. Mama yako alisema."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipokwisha akasema, bila utani, "Mama mdogo, nikizaa nitakuletea umbebe. Wa kwanza kabisa. Kabla ya watu wa kanisani."

"Usichelewe. Mikono yangu inazeeka."

Alipomaliza kidato cha nne, mjomba wao kule Rungwe alifariki, mama na binti wakarudi kwao kuangalia shamba la migomba na wazee waliobaki. Tuliagana stendi. Mama Subi alinishika mikono yote miwili kama wanavyofanya kwao, akainama, akasema, "Ndaga fijo, asante sana. Ila usisahau, kulia nitakuja kulia." Alisema huku anacheka, lakini jicho lake moja halikucheka.

Simu wakati ule zilikuwa chache. Walikuwa wanapiga kwa simu ya jirani yao. Kisha jirani akahama, laini yangu ikafungwa, na namba zote zikaenda na laini. Nilituma salamu kwa watu wa mabasi, kwa wauza ndizi, kwa wachungaji. Salamu zilienda. Hazikurudi.

Nilistaafu nikiwa pale pale hospitali ya Iringa, wodi ya wanawake. Metroni wa siku hizo alikuwa binti niliyemfundisha kukunja gozi alipokuja kujifunza kazi. Alitoa hotuba akaita jina langu lote na la baba yangu, nikaona aibu. Nilirudisha magauni ya kazi. Kikombe sikurudisha, maana hakikuwa cha kwao.

Sasa nakaa Ilula, juu kidogo ya barabara kuu. Mabasi yakisimama, wauza nyanya wanakimbilia madirishani na vikapu, na mimi natazama nyuso za abiria. Mabinti wa jirani wanakuja kwangu na simu zao zinazojua kila kitu. Juzi mmoja aliniuliza, amekaa upande kwa maumivu ya tumbo, "Bibi, eti vidonge vya majira ni vya walioolewa?" Nikamweleza habari ya udongo, nikamwambia aende kituo cha afya akapimwe presha, aongee na mtaalamu, asinunue tu dukani kwa kuambiwa na rafiki. Akasema, "Sawa, Bibi." Nikamwambia, "Nirudishie." Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akarudisha. Alipoondoka, nyumba ilibaki na ukimya niliokuwa nimeusahau.

Watu wanadhani mstaafu anakumbuka mshahara. Mimi nakumbuka pazia la kitenge, na mguu wa mtu ukionekana chini yake, unasitasita, uingie usiingie. Namkumbuka Sista Mwanahawa akiuambia ule mguu, "Karibu mwanangu, huku hakuna soko." Ningepewa asubuhi moja tu ya kurudi, ningeomba niwe nimesimama ndani ya chumba kile, na mguu ule uwe wa Subilaga.

Mama Subi, dada yangu, hesabu zangu ni rahisi. Uliapa kwamba ukikosa mjukuu utakuja kulia mlangoni kwangu, na wewe si mtu wa kuapa bure. Nakuona ulivyo, ungepanda basi la kwanza. Miaka imepita, majirani zangu hawajahama. Kwa hiyo najua. Huko uliko kuna mtoto anayekuita bibi, pengine ni wawili, wanakanyaga vyungu vyako, ndiyo maana hupati nafasi. Nimefurahi mpaka nimechoka kufurahi peke yangu.

Mimi sikukuambia pale wodini ninasema nini, uliponiuliza mara ya pili. Binti yako aliniwahi. Nilitaka kusema kwamba naogopa kama wewe. Bado mikono yangu inaweza kubeba mtoto, hata aliyekwisha kuwa mkubwa, nikikaa.

Ukishuka Ilula uliza kwa Bibi Enes, wote wanapajua. Kikombe kipo kwenye rafu, kimebanduka rangi ukingoni lakini hakivuji. Mkeka niliokuahidi nimeshausuka, na mchana mlango huwa siufungi. Njoo tu, hata kama huna cha kulilia.